Nambari ya Mama

Mimi nina mdomo. Nimeambiwa hivyo tangu utotoni, na wateja wa saluni yangu pale Kawangware 56 wanasema hawaji kusukwa tu, wanakuja kusikia leo nitasema nini. Kwa hivyo silaumu redio, wala silaumu wanasayansi. Habari ile ilimfikia baba ikiwa imebebwa na mdomo huu.

Ilikuwa Jumamosi, saluni imejaa. Nilikuwa namsuka dada mmoja wa Riruta, nimefika nusu ya kichwa, redio ikasema wataalamu wa nyota huenda wameona dalili za uhai kwenye sayari moja ya mbali sana. Huenda. Hilo neno sisi tuliliruka. Saluni ililipuka kwa kelele. Mmoja akauliza kama hao nao husuka nywele. Mwingine akasema, "Kama kuna watu huko, basi kuna landlord." Yule wa Riruta, nywele nusu zimesimama, akauliza taratibu, "Na Yesu je? Aliwafia na hao pia?" Tulimcheka mpaka akaona haya. Nikamwambia ainamishe shingo nimalize.

Baba yangu ni mchungaji wa kanisa la mabati pale Kisumu Ndogo, Kibera. Si kanisa kubwa. Lina viti vya plastiki, ngoma mbili, na pazia jeupe lenye msalaba mwekundu ambalo mama alilishona kwa mkono. Baba huhubiri kwa Kiluhya, kwa sababu anasema Kiswahili chake ni cha sokoni, na hawezi kuongea na Mungu kama mtu anayenunua dagaa wa omena. Mimi husimama kushoto kwake nikiwatafsiria wale wa kutoka Ukambani na vijana waliozaliwa hapa hapa mtaani. Nimeifanya kazi hiyo tangu nikiwa darasa la saba. Akiinua mkono, nainua. Akipiga mguu chini, napiga. Akinyamaza, nasema mimi, naye hunisubiri nimalize. Kiswahili anakijua vizuri kabisa, kwa hivyo nikipunguza chumvi hunikazia jicho.

Mama alitutoka mwaka jana, kwenye benchi la hospitali ya umma. Tulifika alfajiri tukapewa karatasi ya foleni, sabini na moja. Alipokata roho walikuwa wanaita arobaini na tatu. Siku ya mazishi, kule nyumbani Western, baba alisimama kando ya kaburi akasema kwa Mungu hakuna foleni, mke wake amepita moja kwa moja. Sisi wengine tulikuwa tumelala chini tunalia. Yeye alisimama, na ni neno hilo lililomsimamisha. Ile karatasi aliiweka ndani ya Biblia kuwa alama ya ukurasa. Kiti cha mama pale mbele hakuna anayekikalia, na kayamba yake iko juu yake mpaka leo.

Tangu mazishi, baba hakuwa amecheka. Ndiyo maana Jumapili, kesho yake baada ya ile habari ya redio, nikimpakulia ugali na omena baada ya ibada, nilimmwagia hadithi yote ya saluni, pamoja na landlord wa sayarini. Haki ya Mungu, nilitaka acheke tu.

"Mama," akasema. Huniita mama kwa sababu nina jina la mamake. "Hao ni wangapi?"

"Nani, baba?"

"Hao wa huko."

"Aa, baba, ni stori tu. Labda hata si watu. Labda ni vijidudu."

"Na vijidudu nani amewaumba?"

"Si ni Mungu."

"Basi anawaangalia na wao." Akaisukuma sahani kando. Nilimbembeleza weee, lakini hakula tena siku hiyo.

Wiki hiyo alinipigia simu kila siku, na baba si mtu wa simu. Mara anauliza kama hao walianguka dhambini kama Adamu. Mara anasema kama hawakuanguka, basi hao ndio watoto wazuri, na sisi ndio wale wa kusumbua. Alhamisi nilikuwa na maji ya moto mkononi, mteja analalamika namchoma, simu inalia. Nikamfokea baba yangu mzazi. "Si umuulize Mungu mwenyewe! Wewe ndiye pasta!"

Akasema, "Nauliza, mama. Ni kama simu inaita tu, haishikwi."

Ulimi hauna mfupa. Nilimalizia kile kichwa nikilia, na mteja akaacha kulalamika.

Ijumaa nilifunga saluni mapema nikaenda Kibera. Nilimkuta ameketi kitandani, Biblia magotini, imefunguliwa pale penye karatasi. Hapo ndipo aliponieleza, na nilipoelewa nilitamani nisingeelewa.

"Mimi nilidhani ni sisi tu," alisema. "Watoto wachache, baba yao anawajua wote. Kumbe nyumba imejaa. Na mama yako hakuwa mtu wa kusukumana. Pale hospitali nilimwambia apige kelele, aanguke hata kwa uongo, wamwone. Akasema hapana, hawa wengine pia ni wagonjwa. Sasa huko akikuta umati, unafikiri atafanya nini? Atakaa nyuma. Atangoja aitwe."

Nilimkumbusha mistari aliyonifundisha mwenyewe. Kila nilioanza aliumalizia bila kosa, kisha akanitazama aone kama nina mwingine. Mistari ilipoisha, niliosha vyombo. Vilikuwa safi, lakini ningefanya nini?

Jumapili watu walijaa. Baba alivaa kanzu yake nyeupe, akaimbisha wimbo mmoja badala ya mitatu. Alipofungua Biblia hakusoma. Aliitoa ile karatasi, akaiinua juu, watu wote waione.

"Mke wangu alipewa nambari hii," akasema kwa Kiluhya. Nikatafsiri. Mkono wangu nao uko juu, hauna kitu.

"Nilipomzika niliwaambia kwamba kwa Mungu hakuna nambari."

Nikatafsiri. Mama mmoja wa Kitui, kule Ukambani, anayeuza mboga za sukuma pale nje, akapaza sauti, "Amina, pasta!" Wenzake wakapiga makofi.

Halafu baba akasema, "Sasa sijui. Nimeomba wiki nzima na sijui kama kuna anayenisikia. Msiniulize tena mimi."

Akanyamaza. Akanisubiri.

Safu mbili za mbele ni za wazee wa kwetu, Waluhya. Hao walikuwa wameshaelewa, wamekaza macho sakafuni. Nyuma yao, kanisa zima linanitazama mimi. Yule mama wa Kitui alikuwa amesogea mpaka ukingoni mwa kiti chake, mkono juu, Amina iko tayari mdomoni. Namjua. Alimzika mtoto mwezi wa nne, na kwenye mazishi hayo alishikilia neno hilo hilo la foleni, nililomtafsiria mimi mwenyewe.

Nikasema, "Pasta anasema tusichoke kuomba. Anasema kila mmoja wetu anajulikana. Anasema hakuna aliyesahaulika kwenye benchi."

Kanisa likalipuka. Ngoma zikaanza zenyewe. Yule mama alilia huku akirukaruka, na vijana wakaimba mpaka mabati yakatetemeka. Baba alinitazama kwa muda. Hakunikazia jicho. Alienda akaiinua kayamba ya mama, akaketi kwenye kile kiti, akaipakata mpaka nyimbo zikaisha.

Nilimfuata chumbani kwake, nyuma ya kanisa, nikamwandalia chai nikijua nitagombezwa. Nilitamani anigombeze.

"Umebadilisha maneno yangu," akasema.

"Nimebadilisha, baba. Nisamehe. Niliogopa."

"Hayo uliyosema uliyatoa wapi?"

"Sijui. Yalitoka tu."

Akatikisa kichwa polepole. "Uliposema hakuna aliyesahaulika kwenye benchi, hata mimi nilitaka kuamini." Akavua kanzu, akaikunja vizuri, akaiweka kitandani. Kisha akaja akasimama kushoto kwangu, pale ninaposimama mimi siku zote, mikono ameishika mbele, kichwa amekiinamisha kidogo upande wangu ili asipitwe na neno.

"Basi leo hubiri wewe," akasema. "Mimi nitatafsiri. Kuna mzee mmoja tu kanisani, na yeye anataka kujua kama mke wake ameshaitwa."

Nikafungua mdomo. Huu mdomo wa saluni nzima, unaojibu landlord, askari wa kanjo na wanaume wa barabarani bila kufikiri. Yale niliyowapa watu nusu saa iliyopita nilikuwa nayakumbuka yote, lakini kule nilisema pasta anasema. Hapa pasta alikuwa kando yangu, mikono mitupu, ananisubiri mimi. Na mimi mwenyewe, nikijiangalia ndani, nilimwona mama kwenye benchi na karatasi yake, na mbele yake umati ambao sikuuona mwisho.

Baba hakunihimiza. Mtafsiri hamkatizi mhubiri, hilo alinifundisha yeye. Alisimama tu, kichwa kimeinama, mpaka chai niliyomwandalia ikapoa, na mimi sikuwa nimesema hata neno la kwanza.