Karatasi Zilizovuliwa Nguo

Idara nzima ya ununuzi ya halmashauri ya jiji ilimwita afisa wake mmoja Bwana Majani. Jina lilianza siku alipoandika kwenye masharti ya zabuni kwamba jiji litanunua karatasi zilizotengenezwa kwa karatasi kuukuu tu. "Mwezi ujao atatuambia tuandike kwenye majani ya mgomba," walisema, wakacheka hadi chai ikawapalia. Yeye hakulifuta sharti. Alikulia nyumba ya tatu kutoka jaa la taka. Jiji likinunua kwa macho yaliyofumbwa, alijua uchafu wake huishia mlangoni pa nani.

Mkewe alikuwa amefariki, wanawe wamehamia mbali. Aliyebaki wa kuongea naye ni mtunza ghala, mzee mwenzake, aliyeajiriwa mwaka mmoja naye. Kila asubuhi walikaa ghalani juu ya maboksi, wakitaniana kuhusu magoti yao.

Kisha mashine ya fotokopi ikaanza kutafuna karatasi. Zilikunjamana, zikakwama, barua zikachelewa. Mwenyekiti wa kamati ya zabuni, mama asiyependa maneno mengi, akamwita.

"Ijumaa tunafuta sharti lako. Tunarudi kwenye karatasi za zamani."

"Nipe hadi hiyo Ijumaa, mama."

Alichukua rimu mpya kwa muuzaji, akaifungua palepale mashineni. Karatasi zote mia tano zilipita bila hata moja kusita. Basi kosa halikuwa la karatasi. Akashuka ghalani, akatazama kile ambacho miaka yote alikiona bila kukitazama: rimu zote zilikuwa uchi, bila vifungashio, zimeegemea ukuta wa choo, ukuta unaotoka jasho masika na kiangazi.

"Mbona umezivua?"

"Kwani leo ndiyo unaona?" Mtunza ghala alicheka. "Miaka ishirini na sita nazivua. Wauzaji waliwahi kuniletea rimu zilizopunjwa. Tangu siku hiyo nahesabu kwa mkono, moja moja. Haniibii mtu."

Karatasi za zamani zilivumilia. Hizi zilikunywa unyevu.

"Ndugu yangu, ndizo zinazokwama."

Kicheko kilikatika. "Utasema hilo kwenye kamati?"

"Nikinyamaza, sharti linakufa."

"Nimebakiza miezi mitano nistaafu. Sema tu mashine imezeeka. Nani atauliza?"

Hakuna ambaye angeuliza. Hilo ndilo lililomtesa siku tatu.

Ijumaa aliiambia kamati kwamba karatasi ni nzima ila ukuta una unyevu, akaomba moyoni yaishie hapo.

"Na nani alizifungua?" mwenyekiti aliuliza.

Akamtaja mtunza ghala. Akaongeza kwamba mzee yule alifanya hivyo kwa uaminifu tu, lakini karani aliyeandika kumbukumbu za kikao alikuwa ameshaweka kalamu chini.

Sharti lilibaki. Mtunza ghala alipewa barua ya onyo, ya kwanza maishani mwake.

Mzigo mpya ulipofika, Bwana Majani alishuka kusaidia kubeba. Alikuta rimu zimeshaanza kupangwa juu ya mbao, mbali na ukuta, kila moja ndani ya kifungashio chake.

"Umezipanga vizuri, ndugu yangu."

"Ndivyo afisa alivyoagiza. Kuna kingine?"

"Hapana. Nilidhani nikushike mkono kidogo."

"Ninayo yangu miwili."

Bwana Majani akasaini hati ya mapokezi. Mtunza ghala akaichukua, akageukia rimu zake. Bwana Majani akapanda ngazi.