Ripoti ya Saa Sita

Mwishoni mwa miaka ya tisini nilikuwa na maringo. Katika ofisi ya kompyuta nilikofanya kazi, pale Voi, ni mimi peke yangu niliyejua kuandika programu, na sikuacha mtu asahau.

Watu wa Chawia, kwetu milimani, walioishi ng'ambo walikuwa na kundi lao la barua pepe, nami nilikuwa ndani yake. Mmoja wao, mwalimu aliyekuwa Uingereza, mamake alilazwa katika hospitali ndogo kule milimani, na kila siku kundi zima liliniuliza ameamkaje. Nilichoka kujibu. Basi nikaandika programu: kila saa sita mchana ilipiga simu yenyewe kwenye kompyuta ya hospitali, ikauliza hali ya mgonjwa, na kulitumia kundi jibu jinsi lilivyo. Amekunywa uji. Homa imeshuka. Kwa wiki tatu haikukosa hata siku moja.

Siku moja nilikuwa hotelini Kaloleni, mtaa ulio karibu na ofisi, nikingoja chapati, akaingia baba mdogo wa yule mwalimu, kofia mkononi.

"Mama ametutoka alfajiri," alisema. "Kijana wetu asiambiwe kwanza, yuko peke yake. Nimempigia simu rafiki yake wa huko huko, yuko kwa treni, atafika nyumbani kwa kijana saa nane. Huyo ndiye atamwambia."

Kwetu ndivyo inavyofanywa: habari ya msiba huletwa na mtu, na mtu huyo huketi nawe. Nikaangalia saa ya ukutani. Saa sita kasoro dakika nane.

"Mzee, mashine itamwambia."

"Mashine gani?"

Nilikuwa nishatoka mbio kwenda ofisini. Nilimlaani karani wa hospitali, aliyeandika hali ya wagonjwa kwenye ile kompyuta yao kwa wakati, kisha nikajilaani mwenyewe. Mlangoni ufunguo ukakataa kuingia mara mbili. Ndani, modemu, kifaa kilichoiunganisha kompyuta na simu, ilikuwa imeanza kulia. Niling'oa waya wa simu ukutani.

Haikuwa imetuma kitu. Niliizima programu, nikarudisha waya. Mzee alipofika akihema, nilimweleza yote.

"Niandike ya jana tena?" nikauliza. "Kwamba amekunywa uji?"

"Wacha. Akae tu bila kujua hadi saa nane. Hiyo si uongo."

Tukangoja. Niliogopa kuangalia kioo cha kompyuta, na niliogopa kutokiangalia. Saa saba kasoro robo ikaingia barua kutoka Uingereza, yangu mimi, si ya kundi. Nikamsomea mzee.

"Ripoti yako haijawahi kuchelewa hata dakika moja, kwa hivyo nimeelewa. Nimeketi hapa jikoni peke yangu. Niambie tu, nani alikuwa na mama?"

Mzee alivuta kiti, akaketi karibu yangu.

"Mwandikie ni mimi," akasema. "Mwandikie nilikuwa nimemshika mkono."