Shawa ya Mwalimu

Huku Newala, kwenye shida ya maji, mnunuzi wa nyumba haanzi kwa kuuliza vyumba. Anauliza maji mnaweka wapi. Jirani yangu, mwalimu mstaafu, analijua hilo tangu utotoni. Lakini mwanawe anayeishi Dar alimshauri ang'oe sinki la kuogea, lile refu ambalo mtu hulala ndani, aweke shawa ili nyumba ipande bei.

Juzi akaja mnunuzi, muuguzi kutoka Ndanda. Nami nilikuwepo, nimeombwa kusifia.

“Shikamoo, Mwalimu.”

“Marahaba, mama. Karibu uone shawa.”

Mwalimu akafungua koki kwa vidole viwili, kama anayetafuta stesheni ya redio. Shawa ikakohoa, ikatema vumbi, kisha akachungulia mjusi.

“Maji yakija, huwa yana nguvu sana,” Mwalimu akasema.

“Sasa mnaogaje?”

Mwalimu akaelekeza kidevu dirishani. Uani, chini ya mchirizi wa bati, lile sinki lilikuwa limejaa maji ya mvua hadi ukingoni, na kopo linaelea.

Mama akatoka, akachovya mkono mpaka kwenye kiwiko. Uso wake ukalainika.

“Nyumba nitaifikiria,” akasema. “Hili unaliuzaje?”

“Hilo haliuzwi. Tutaogea wapi?”

Mama akaaga kwa adabu, akaondoka. Nilitaka kumwambia Mwalimu kwamba shawa ni kitu kizuri kwa wenye maji, lakini alishanielewa. Leo asubuhi nimekuta ubao mlangoni kwake, kwa mwandiko safi wa chaki: “Nyumba inauzwa pamoja na sinki. Shawa tutaing'oa wenyewe.”