Gari Alilolisikiliza Babangu

Nitasema kwanza lile linaloniuma, nisije nikazungukazunguka: gari lile nilisikia kwa masikio yangu kwamba ni bovu, na bado nikalinunua.

Mamangu alikuwa akisafishwa damu hospitalini mara mbili kwa wiki. Figo zake zilikuwa zimekwisha. Tulikuwa tukimtoa nyumbani kwetu Mji wa Kale kwa tuktuk, na kila shimo la barabara likimtoa "Yarabi" mdomoni. Nikaapa nitamtafutia gari la kumbeba kama mtu, si kama gunia. Nilitaka dogo, lipite vichochoro vyetu, lakini la kiungwana, lenye viti laini na mwendo wa kutulia. Nikapata habari za moja la Kijerumani, la muuza vitambaa wa Biashara Street, alilokuwa ameliweka kwenye ghala lake Shimanzi.

Kwetu sisi gari halikununuliwa bila babangu. Alifanya ufundi miaka na miaka kwenye gereji za malori huko huko Shimanzi, na jirani akitaka kununua gari alibisha kwanza mlango wetu. Baba hakuwa na kompyuta wala mashine. Alikuwa na bisibisi moja ndefu yenye mpini wa mbao. Ncha huiweka juu ya injini inayonguruma, mpini sikioni, akafumba macho. Kisha husema, "Chukua," au, "Liache hapo hapo." Basi. Sikuwahi kumsikia mtu aliyejuta.

Lakini baba alikuwa amezeeka. Nyumbani tulikuwa tukimwambia neno mara mbili, mara tatu, naye akijibu lisiloulizwa, nasi tukacheka kidogo. Hakuna aliyethubutu kumwambia, "Baba, husikii." Utamwambiaje fundi aliyetulisha kwa sikio lake? Kumchukua fundi mwingine kungekuwa kumzika yu hai. Nikamwambia, "Baba, twende ukanitazamie gari." Akavaa kanzu na kofia yake ya Ijumaa, akaitoa bisibisi kwenye sanduku akaipangusa vizuri. Alifurahi, masikini.

Mwenye gari alitupokea kwa heshima zote. Akauliza hali ya baba, ya nyumbani, ya mgonjwa, akaagiza kahawa. "Ukilipitisha wewe, mzee wangu," akamwambia baba, "mimi sina la kuongeza." Nikaweka kiganja juu ya boneti. Lilikuwa moto. Ebo! Gari la kuuzwa huwashwa likiwa baridi, mbele ya mnunuzi, ndipo litoe siri zake. Baba mwenyewe ndiye aliyenifundisha. Bwana huyu alikuwa amelipasha kabla hatujafika. Nikangoja baba naye aliguse. Hakuligusa.

Tukafungua boneti. Baba akafungua kifuniko cha oili, akachovya kidole, akanusa. "Safi," akasema, na kweli ilikuwa safi. Mwenye gari akaingia ndani, akawasha, akakanyaga mafuta. Baba akainama na bisibisi yake sikioni, mimi nimesimama upande wa pili wa injini. Wallahi nilisikia. Ulikuwa mlio mwembamba, kama kijiko kinachogonga kikombe, ukitoka pale ulipo mnyororo wa ndani ya injini. Mnyororo ule ukilegea, iko siku utakatika, na ukikatika huna gari tena.

Siku ile baba hakufumba macho. Niliona, nikastaajabu, nisilitie maanani. Alikuwa akinitazama mimi. Nami nikautuliza uso wangu kama nilivyolelewa, kwani mzee anapopima jambo mbele ya mgeni, mtoto hakunji uso wala hatikisi kichwa. Baba akainuka pole pole.

"Chukua," akasema.

Nikachukua. Mpumbavu mimi, nikachukua!

Lilimbeba mamangu kwa muda, tena vizuri. Jioni moja tulimpeleka ufukweni Mama Ngina, akatafuna kachiri mbili tatu za muhogo, akasema upepo ule peke yake ni dawa. Kisha asubuhi moja, tukielekea hospitali, injini ikapiga kishindo kimoja ikazima katikati ya barabara. Baba alikuwa nyuma amemshika mama mkono. Tukahangaika, tukamtia kwenye tuktuk, tukafika zamu yake imeshapita. Tukaambiwa turudi kesho yake. Kesho yake alikuwa hawezi hata kukaa kitako, na wiki ile ile tukamzika.

Daktari alisema maradhi yalikuwa yamefika mbali, tusijilaumu. Rahisi kusema! Fundi aliyelifungua gari alinionyesha mnyororo umekatika. Baba akautazama, akageuza uso.

Baada ya arubaini aliniita chumbani kwake. Bisibisi ilikuwa juu ya mapaja yake. Akanishika mkono akaitia kiganjani mwangu.

"Siku ile sikusikia kitu, mwanangu," akasema. "Sisikii injini miaka sasa. Niliona haya kuwaambia. Nilikuwa nikikutazama uso. Nilisema, huyu nimemfundisha mwenyewe, akisikia ubaya atakunja uso, nami nitasema liache. Hukukunja."

Wazee husema mficha maradhi kifo humuumbua. Sisi tuliyaficha wawili, akaenda mwingine. Nilitaka kumwambia kila kitu, boneti lililokuwa moto, na ule mlio. Nilitaka kumpigia kelele pia, Mungu anisamehe, kwa nini hukuniuliza, baba?

"Hata wewe hukusikia?" akaniuliza.

Nikainama karibu naye, nikapaza sauti ili asikie. "La, baba. Hata mimi sikusikia kitu."

Sijui kama neno lenyewe lilimfikia. Alikuwa akinitazama uso, na safari hii sikuweza kuuzuia.