Katoni Mbili za Mvinyo wa Mumbua

Kama kuna kitu kilichomchosha Mumbua duniani, ni sahani. Alikuwa mhudumu wa mezani katika hoteli moja kule Lusail, karibu na Doha, na kwa miaka saba alikuwa amezibeba, nne nne, huku akitabasamu mpaka mashavu yakamuuma. Alichokitaka kilikuwa nyuma ya mlango wa kioo, kwenye ghala la mvinyo, ambako chupa zililala kwenye ubaridi wakati Doha nzima inachemka nje. Alitaka kuwa mhudumu wa mvinyo. Wala hakuficha. Alimwambia kila mwenye masikio, hasa Millicent, nesi aliyepanga naye chumba mtaani Al Thumama, ambaye hakuwa ameomba kuambiwa.

Pua alikuwa nayo. Nyanya yake kule Mwingi alikuwa mtengenezaji wa kaluvu, pombe ya asali ya sherehe za mahari, na Mumbua tangu utotoni ndiye aliyeitwa kunusa kibuyu na kusema kama imeiva. Lakini moyo wake ulikwenda kuangukia mvinyo mwekundu wa Uhispania, tena ule wa bei ya kawaida. Ule wa bei ghali, alisema, umeshasifiwa na kila mtu, hauhitaji mtetezi. Akionja hakutafuta maneno ya vitabuni. Huu una zambarau, huu una ukwaju, huu unanukia mkanda mpya wa ngozi, huu umekaa kwenye pipa mpaka una ladha ya mbao. Wenzake walicheka, na walikuwa wakirudi kumuuliza.

Basi, Kombe la Dunia lilipokwisha, hoteli ilibaki na katoni mbili za mvinyo fulani wa Rioja, kule Uhispania, ambao wageni waliukataa. Bwana Oloo, mkuu wa mvinyo, alionja na kukunja uso. Oloo alikuwa mtu wa Kisumu, mrefu, nadhifu, na aliyeamini kabisa kwamba suti zilibuniwa kwa ajili yake.

"Hii inakausha ulimi. Peleka kitchen wapikie nyama."

"Bwana Oloo, huo ukali ni wa ujana tu. Nyuma yake kuna tunda. Tuulaze miaka kadhaa."

"Mumbua, hii ni wine ya bei ya soda. Haizeeki, inaharibika tu."

"Basi niachie iharibike mbele ya macho yangu."

Oloo alimwachia, nadhani kwa kutaka tu kuona mwisho wake. Mumbua akazilaza chupa zote kumi na mbili kwa ubavu, ili vizibo visikauke, kwenye kona ambayo hata taa haikuifikia sawasawa. Mwaka wa kwanza wakafungua moja. Ukali ulikuwa ule ule. Mwaka wa pili mvinyo ulikuwa umenyamaza kabisa, hauna harufu, hauna ladha, na Oloo akacheka mpaka akatoa leso. Mumbua naye alicheka, ila jioni hiyo Millicent alilazimika kumbembeleza ale.

Mwaka wa tatu ulipotimia, msaidizi wa Oloo alirudi kwao Uganda. Nafasi ikawa wazi, na Oloo akamwita Mumbua ofisini.

"Ijumaa kuna lunch ya watu kumi. Wine yako itaenda na kondoo. Wakiipenda, kazi ni yako. Mgeni akirudisha glasi hata moja, khalas, imekwisha, zote kitchen, na wewe na sahani zako."

"Tufungue moja kwanza tujue imefika wapi."

"Kwani unaiamini ama hauiamini?"

Mumbua alisema anaiamini.

Ijumaa asubuhi Millicent alimpigia shati pasi. "Aki ukikosa hiyo kazi, usinirudie hapa na stori za zabibu," alisema, halafu akamkumbatia kwa nguvu hadi shati likajikunja tena.

Mwenye meza alikuwa mhandisi mzee wa Kihispania aliyekuwa akiwaaga wafanyakazi wenzake. Sheria ya hoteli ilijulikana: unaonyesha chupa, unafungua, unammiminia mwenye meza kidogo, anaonja yeye kwanza. Mumbua aliijua sheria hiyo hata usingizini. Lakini hofu ilikuwa imemjaa, na mikono yake ikafanya kile alichokiona Mwingi tangu zamani, kwamba anayeleta kinywaji hukionja mwenyewe kwanza mbele ya wazee, wote waone ni salama. Alivuta glasi ya akiba, akajimiminia tone, akanywa.

Kule karibu na nguzo, Oloo alifumba macho. Mumbua alipotambua alichofanya, alitamani ardhi ipasuke immeze.

Halafu pua ikamwamsha. Mvinyo ulinuka gunia lililonyeshewa. Kizibo kilikuwa kibovu, kimeuharibu, na kama angefuata sheria, sasa hivi uchafu huo ungekuwa kinywani mwa mgeni na yeye angekuwa njiani kurudi kwenye sahani. Akaiweka chupa kando, akachukua ya pili, akafungua. Angeweza sasa kufuata sheria. Hakutaka.

"Samahani, bwana," alimwambia mzee kwa Kiingereza. "Kwetu, anayeleta kinywaji huonja kwanza, mgeni asipate kibaya. Ile chupa imeharibika. Naomba nionje na hii."

Mzee alimtazama, kisha akaegemea kiti. "Onja, binti."

Mumbua akaonja. Ukali ulikuwa umelainika, na mahali pake palijaa zambarau zilizoiva, na ngozi, na utamu wa mbali uliokataa kuondoka ulimini. Furaha ilimpanda hadi machozi yakamlenga, akammiminia mzee.

Mzee alinusa, akanywa, akainusa glasi tena. "Nyumbani tunakunywa huu ukiwa mchanga, na tunalalamika," alisema hatimaye. "Nani aliulaza?"

"Mimi."

"Basi usiifiche hiyo chupa. Lete na nyingine."

Oloo alikuja polepole. Aliinusa ile chupa mbovu, akaguna. Akajimiminia tone la ile nzuri, akalizungusha mdomoni, akameza badala ya kutema kama ilivyo desturi ya waonjaji, jambo ambalo hakuna aliyewahi kumwona akilifanya kazini.

"Mumbua," alisema kwa sauti ya chini, "mimi ningeitupa hii."

Kengele ya jikoni ililia; kondoo alikuwa tayari. Miguu ya Mumbua ikageuka yenyewe kuelekea huko, lakini Oloo alimzuia kwa mkono.

"Unaenda wapi?"

"Sahani."

"Wageni wako hawana kitu kwa glasi."

Akavua koti lake la suti, akalitundika juu ya kiti, akakunja mikono ya shati na kuingia jikoni. Alitoka amebeba sahani nne, akitembea kwa tahadhari kubwa, ulimi nje, na ile ya mwisho ikitikisika kila hatua.