Siti ya Mtu Mmoja

Nataka kusimulia habari ya siti ya pikipiki, na najua huko mbele nitajaribu kujitetea. Usiniamini nikifanya hivyo.

Mimi ni fundi wa pampu za maji. Kisima kikigoma Longido, Monduli au kule Mto wa Mbu, ninayepigiwa simu ni mimi, na mimi ndiye ninayefunga spana kwenye keria na kuondoka nyumbani, mtaa wa Kwa Mrombo, asubuhi na mapema. Siti iliyokuja na pikipiki yangu ilikuwa ndefu, bapa, ngumu kama benchi la kanisani. Nikifika Longido nilishuka polepole, mguu mmoja, halafu wa pili, kisha nikasimama nimejipinda huku kina mama waliokuja kuchota maji wakinicheka waziwazi. Jioni nilijilaza sakafuni sebuleni nikigumia kwa sauti, ili kila mtu ndani ya nyumba ajue kiuno changu kinapitia nini. Mke wangu, ambaye hapandi pikipiki hata umlipe, mwishowe akasema, "Baba watoto, badilisha siti au badilisha kazi. Hicho kilio tumekichoka."

Nikaanza kutafuta. Na mimi nikitafuta kitu sitafuti kistaarabu. Nilikalia karibu kila siti iliyokuwa ikiuzwa mjini, nikawachosha wenye maduka. Ile yenye jeli ndani ilikuwa tamu dukani, lakini niliiazima siku moja, nikaiacha juani saa moja, niliporudi kuikalia nikaruka kama nimekalia kikaango. Ngozi ya kondoo ilinifaa mpaka mvua iliponikuta njiani, nikafika nyumbani nikinuka zizi. Nikanunua moja nene, laini, ambayo ukiibonyeza kidole kinazama. Kabla sijafika Oldonyo Sambu sponji ilikuwa imelala kabisa na nilikuwa nimekalia plastiki. Ndipo nilipojifunza kwamba ulaini ni wa dukani tu. Barabara ndefu inataka siti inayokubeba, na ile inayokumeza itakutesa.

Wenzangu wakanielekeza kwa fundi mmoja karibu na soko letu la Kwa Mrombo, aliyekuwa akishona makochi kabla hajahamia kwenye siti. Alikuwa wa rika langu, mwingi wa maneno, na alikuwa na utaratibu wake ambao hakuupindisha kwa ajili ya mtu. Hakuuliza unataka rangi gani. Alitandaza kipande cha sponji juu ya siti yako, akakifunika kwa gunia, akakwambia ukae nusu saa. Chai ungeletewa hapohapo, lakini kushuka hapana. Muda ukiisha alifunua gunia, akapapasa, akachora kwa chaki pale palipodidimia, ndipo akaanza kukata.

"Dakika moja kila siti ni tamu, chalii yangu," aliniambia. "Mwili unaanza kusema ukweli baadaye."

Nikakaa nusu saa yangu. Alipomaliza kuchora akanieleza kwamba kuna njia mbili. Siti ya watu wawili lazima ibaki pana na bapa nyuma, kwa hiyo mbele hawezi kuichimba sana. Siti ya mtu mmoja anaweza kuichimba kama kochi, akaweka na kinundu cha kuegemeza kiuno.

"Sasa wa nyuma ni nani?" akauliza. "Mlete kesho nimpime naye. Mimi sikati siti ya watu wawili kwa makalio ya mtu mmoja."

"Wa nyuma hayupo," nikamwambia. "Napanda peke yangu."

Hapa ndipo ningependa kusema kwamba nilisahau. Sikusahau. Mama yangu alinijia akilini palepale, amevaa kitenge, amekaa upande, miguu yote miwili kushoto kwa pikipiki, mfuko mapajani.

Mama anaishi juu ya Usa River, huko kwenye migomba, na tangu usichana wake gari linamtapisha. Akipanda Hiace, kabla ya kufika Tengeru ameshaomba mfuko. Kwa hiyo nilipopata pikipiki, hiyo ndiyo ikawa miguu yake. Mara mbili tatu kwa mwaka nilimpeleka Karatu kwa dada yake, mama mkubwa wangu, ambaye ndiye pekee aliyekuwa amebaki kati ya ndugu zake. Simu haikuwafaa kwa sababu masikio ya mama mkubwa yalikuwa yamekwisha; ilibidi waonane uso kwa uso, washikane mikono, wapigiane kelele. Kwenye ile siti ya zamani mama alikaa vizuri tu. Mama wa umri wake na kanisa lake hawezi kupanua miguu juu ya pikipiki, na wala sikutegemea afanye hivyo.

Yote hayo niliyajua nilipokuwa nimesimama mbele ya fundi. Nikajiambia kwamba safari za mama ni chache, kiuno changu ni cha kila siku. Nilitaka kochi, nikapewa kochi.

Na ilikuwa tamu, siwezi kukana. Nilikwenda Longido nikarudi nikiwa na hamu ya kwenda tena. Nilisimamisha wenzangu barabarani ili waikalie. Nyuma ya kochi fundi aliacha kipande chembamba kilichoinuka juu na kuinama pembeni. "Cha kuwekea begi," alisema.

Haukupita muda mama akanipigia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba. Dada yangu miguu imemvimba. Nipeleke nikamwone."

Jumamosi asubuhi nikamfuata. Alikuwa tayari langoni na mfuko wa maparachichi ya kumpelekea dada yake. Akaitazama siti, akaigusa.

"Umebadilisha."

"Ndiyo mama. Hii ndiyo ya kisasa."

"Nzuri," akasema, akazunguka nyuma akitafuta mahali pa kukaa.

Tulisimama Kisongo kujaza mafuta. Nilipogeuka nikaona kwamba alikuwa amejizungushia kanga kiunoni, akafunga ncha zake kwenye keria. Nilikasirika. Vijana wa bodaboda walikuwa wamekaa pale wakitutazama, nami nikaona aibu, mimi na pikipiki yangu ya kisasa.

"Mama, fungua hiyo kanga. Watadhani nimefunga mbuzi nampeleka mnadani."

Akacheka. "Haya, baba." Akaifungua, akaikunja vizuri, akaitia kwenye mfuko wa maparachichi.

Tulipokaribia Makuyuni akanigonga begani. "Simama kidogo. Nimechoka kidogo."

Kina mama wa kwetu hawaumwi, wanachoka kidogo. Mama alipovunjika kidole cha mguu alichoka kidogo. Alipomzika baba yangu alichoka kidogo. Mtu aliyelelewa na mama wa namna hiyo anapaswa kujua kutafsiri, na mimi nilijua. Nilimwona akishindwa kunyooka, ameegemea ukuta wa duka, mkono wa kulia bado umekunjika kama unashika kitu. Nikasema, "Basi turudi, mama."

Nilisema upesi mno. Jumatatu nilikuwa na kisima kinanisubiri, na kichwani nilishaanza kukirekebisha. Ningeweza kununua godoro la mtoto pale dukani nikalikunja. Ningeweza kumfunga ile kanga kwa mikono yangu mwenyewe. Ningeweza kukaa naye kivulini hata kwa muda wa saa tatu, kisha twende taratibu. Sikufikiria hata kimoja. Nilijiambia ni uzee.

Mama akaitazama barabara ya Karatu kwa muda. "Haya, turudi," akasema. "Dada atanisubiri."

Tukiwa njiani kurudi alinikumbatia kiunoni kwa nguvu. Hakuwahi kufanya hivyo. Nikafurahi, nikadhani ni mapenzi. Maparachichi yalikwenda kuivia nyumbani kwake, akayagawa kwa majirani.

Nilimwahidi tutakwenda mwezi unaofuata. Mwezi haukuisha, tukapata habari kwamba mama mkubwa amefariki.

Tulikodi gari kwenda kuzika. Mama alitapika kuanzia Tengeru mpaka Karatu, mfuko baada ya mfuko, na tulipofika akasukutua mdomo, akafunga kanga yake, akaingia msibani. Binti wa mama mkubwa akanivuta pembeni. Hakuwa na nia mbaya, alitaka tu kunisimulia. Ile Jumamosi mama yake aligoma kuingia ndani, akakaa mlangoni anaangalia njia. Walimpigia kelele masikioni kwamba wageni wameishia Makuyuni, wamerudi. Akawajibu kwamba mdogo wake hajawahi kuishia njiani.

Hata baada ya hapo, siti sikuihusisha. Nakwambia ukweli. Nililaumu uzee, nikalaumu barabara, nikamlaumu mama mwenyewe kwa kutojikaza. Mtu akitaka kukwepa kosa lake hakosi pa kulitupa.

Kisha mshono wa siti ukafumuka upande wa nyuma, nikairudisha kwa fundi. Akaichomoa, akaigeuza kwenye mwanga.

"Ulisema unapanda peke yako."

"Ndiyo."

"Njoo uone hapa."

Kwenye ukingo wa kile kipande cha nyuma, upande wa kulia, ngozi ilikuwa na alama nne fupi zilizojipinda, zimepangana, na chini yake nyingine nne, na nyingine. Mahali pamoja zilikuwa zimechimba mpaka uzi ukakatika.

"Hizi ni kucha," fundi akasema. "Huyu alikaa upande, akawa anateleza. Alikuwa anajivuta arudi juu. Ulimpeleka wapi?"

"Karibu na Makuyuni. Na kurudi."

"Nani?"

"Mama."

Hakunitukana. Ingekuwa afadhali. Aliifunga siti kwenye pikipiki, akakaa mbele, kwenye kochi langu, akanielekeza nikae nyuma, upande, miguu yote kushoto. "Twende Engutoto tu," akasema, "si mbali."

Tuta la kwanza lilinishusha nusu. La pili nilishika shati lake. Kile kipande kiliinama nje, na chini yake kulikuwa na kona ya chuma ambayo ukikaa kawaida huigusi, ila ukikaa upande inakuingia kwenye nyonga. Nilitafuta pa kushika, mkono wenyewe ukaenda pale pale kwenye ukingo, vidole vinne, kwenye zile alama. Nikamwomba fundi arudi. Hatukuwa tumefika hata Engutoto.

"Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake," akasema akizima pikipiki. Nikalia pale mbele ya wateja wake. Nilikuwa nimemwambia mama yangu anafanana na mbuzi wa mnadani, na ile kanga ndiyo iliyokuwa ikimzuia asianguke.

Nikamwambia fundi akate siti mpya, ya watu wawili. Akakataa kugusa kisu kabla hajampima wa nyuma. Nikamweleza kwamba mama hapandi gari, na kwenye hiyo siti simpandishi tena. Akafikiri, akakunja sponji na gunia, akatia chaki mfukoni. "Basi twende kwake," akasema.

Tukamkuta mama anapepeta maharage uani. Akamkaribisha fundi, akamtengea chai, akasikiliza maelezo yote kwa adabu kama anasikiliza matangazo ya kanisani. Kisha tukasimamisha pikipiki kwenye stendi chini ya migomba, tukatandaza sponji, nikamshika mkono akapanda, akakaa upande, akaweka mikono mapajani. Fundi akamwambia atakaa nusu saa bila kushuka. Mama akasema hana haraka.

Nilijiinamia, nikamwambia. Nilimwambia kuhusu kucha, kuhusu kanga, na kwamba fundi aliniuliza kuhusu yeye nami nikasema hayupo. Hilo la mwisho lilinishinda kulitamka mara ya kwanza, nikarudia.

Mama aliangalia mikono yake. "Nilijua umechoka kiuno, baba," akasema. "Ulikuwa unalala sakafuni."

Fundi, ambaye hakuwa amejua lolote kuhusu msiba, alitaka kutuchangamsha. "Mama, hii nitakayokushonea utakwenda mbali na hutachoka. Pana, bapa, na pembeni naweka mshikio wa mkono wako. Mbali kabisa!"

Mama akageuza uso kuniangalia. Hakuwa na hasira, na hakuwa ananisuta. Aliuliza tu kama mtu anayetaka kujua.

"Mbali wapi, baba?"

Nusu saa ilikuwa bado haijaisha, na utaratibu wa fundi ulikuwa ni uleule, kwa hiyo mama akaendelea kukaa, anaangalia njia.