Kilio cha Kiswahili Bora

Kijana yule alizaliwa hapa Lubumbashi, akalelewa Ubelgiji, akarudi na kamera zake na skafu shingoni katika joto la Oktoba. Alisema ananitafuta mimi, la grande dame, bibi mkubwa, wa michezo ya kuigiza. Nilijua anachotaka: bibi kizee wa kulia. Nimeigiza miaka arobaini, jukwaani na kwenye televisheni, na wanaonikumbuka wananikumbuka kwa machozi tu. Lakini kwa miaka sita hakuna aliyeniita, na kazi ile niliitaka. Nasema wazi, niliitaka sana.

Akanipa karatasi. Sisi hatukuwahi kuigiza kwa karatasi. Kiongozi wa kundi alitusimulia kisa, nani ameiba, nani amefiwa, kisha kila mtu akayatafuta maneno yake mwenyewe mbele ya watu. Ukikosa neno, umekwisha. Kwenye karatasi ya huyu kijana, mama wa mchimba madini alimlilia mwanawe kwa Kiswahili bora, kile cha mahubiri na taarifa ya habari: "Mwanangu mpenzi, umetutoka." Nani analia hivyo? Hata padri akifiwa na mama yake halii hivyo.

Kamera zilipowashwa niliisahau karatasi kwa makusudi. Nikapiga magoti kando ya jeneza, nikalia kama tunavyolia: "Papa yangu, unaniacha na nani? Papa, amuka."

Akasimamisha kazi. Akaniinamia, akasema polepole kama anayezungumza na kiziwi.

"Mama, mwenye alikufa ni mutoto yenu, haiko papa yenu. Munachoka?"

Kusoma kote kule, na hakuna aliyemfundisha kwamba mtoto uliyempa jina la baba yako unamwita papa tangu akinyonya mpaka umzike. Wangu nilimzika hivyo. Nikamweleza, ingawa asiyejua maana haambiwi maana. Akaitikia kwa kichwa, kwa ile adabu ya watu wasiosikiliza. Nikalia tena vilevile, kila aliporudia kupiga picha, nikadhani nimemshinda.

Filamu ilipoonyeshwa nilikwenda na mdogo wangu, aliyetoka Mitwaba juu ya lori ili aje kuniona. Nikajiona ukutani, mkubwa, nimepiga magoti, kinywa wazi. Sauti iliyotoka haikuwa yangu, ilikuwa ya msichana fulani, laini kama ya tangazo la sabuni: "Mwanangu mpenzi, umetutoka." Watu wa nyuma wakacheka. Sikuwalaumu. Jambo lile lingekuwa la mtu mwingine, ningecheka pia.

Mdogo wangu hakucheka. Yeye ndiye aliyenishika mikono siku ile ya mazishi ya mwanangu. Akaninong'oneza, akiniita yaya, dada mkubwa, kama tangu utoto.

"Yaya, ule mwanamuke analilia mutoto ya nani?"

Nikamjibu kwamba sijui, ila si wangu.